Chungu Kilichozikwa Mara Mbili

Mume wangu alifungwa kwa ajili ya chungu kidogo kisichotosha hata kupikia sombe, mboga ya majani ya mihogo, ya mtu mmoja. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani palikuwa na dhahabu. Palikuwa na udongo wa kuchomwa, shaba nyekundu kidogo, na mifupa ya mtoto wa watu wasiojulikana. Kwa hayo tu mwanamume mzima alilala juu ya saruji ya buloko, jela ya Kamina, mpaka kifua chake kikaanza kulia.

Miaka ile Kamina yote ilikuwa na njaa ya matofali. Nje ya mji ilijengwa kambi kubwa ya askari, reli ilitaka nyumba za wafanyakazi wake, misheni zilitaka madarasa, na kila mzungu mwenye shamba alitaka ghala. Kwetu matofali hutoka kwenye kichuguu. Asiyeijua Katanga hudhani kichuguu ni kitu cha kufika gotini; vyetu ni vilima, miti huota juu yake, na udongo wake uliotafunwa na mchwa tangu zamani haupasuki motoni. Mafundi hukikata ubavuni kama mkate, hufyatua matofali papo hapo na kujenga tanuri papo hapo, na kazi ikiisha kichuguu kimekwisha kuwa nyumba ya mtu. Mume wangu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Aliuonja udongo kwa ulimi kabla ya kuukubali, nami nilikuwa nikimtania kwamba nimeolewa na mchwa.

Baba yangu hakuupenda utani huo. Yeye alikuwa mwalimu wa Wamethodisti mjini, alinisomesha, akatarajia niolewe na karani mwenye viatu. Nikaolewa na mtu wa matope kwa sababu nilimpenda, na sijawahi kumwomba mtu yeyote radhi kwa hilo.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka stesheni. Zamani ile ilikuwa ardhi ya kijiji cha jirani. Serikali ilipokuja kuipima ilisema ni tupu, kwa kuwa mwaka ule watu walikuwa wanalima upande mwingine na huu walikuwa wameuacha upumzike. Kwa hiyo ardhi iliyopumzishwa ikapata bwana, na wenyewe wakarudi kuomba kazi juu yake. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, wakapisha. Mzungu alitupa kijumba kimoja katika safu ya vijumba vya wafanyakazi, na mama mkwe wangu akaja kukaa nasi.

Huyo alikuwa mtu wa Kinkondja, ziwani Kisale, na mizigo yake mpaka leo naisikia harufu yake ya samaki mkavu. Alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni. Asubuhi alimwomba Bikira, jioni aliwasemesha wafu wake, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Mimi binti wa Wamethodisti nilijaribu kumweleza kuna ugomvi. Alinijibu kwamba maji ninayochota kisimani hayaulizi dini ya ndoo.

Siku ya kichuguu, mume wangu na wenzake walikuwa wanakata ubavu wa chini, na jembe likaingia patupu. Udongo ukaporomoka, na chungu kidogo kikabiringika mpaka mguuni pake. Nyuma yake, ndani ya shimo, vilikuwapo vyungu vingine vimepangwa vizuri, na katikati mifupa midogo yenye bangili za shaba. Aliwasimamisha wenzake mara moja. Mzungu wa shamba alikuwa amesafiri kwenda Elisabethville, basi wakaliziba shimo kwa majani na kuhamia ubavu mwingine. Lakini kile chungu kilikwisha kutoka. Mume wangu alilelewa na mama yake, na kwa mama yake kitu kilichotoka kaburini hakisukumwi tena ndani kwa mkono mtupu, kama mtu anayerudisha kuku bandani. Huombewa kwanza. Akakileta nyumbani ndani ya kofia yake.

Mama mkwe alikigeuza mikononi muda mrefu. Kilikuwa chembamba kuliko chochote kinachofinyangwa siku hizi, tumbo la duara, na mdomo uliovutwa kidogo mbele kwa ajili ya kumiminia.

“Kwetu ku Kisale, kule Sanga, ukilima mihogo unapata nyungu sawa hizi mu udongo,” alisema. “Ya bakubwa iko kubwa. Hii iko ya mutoto. Banamutengenezea kadogo juu mwenyewe iko kadogo.”

“Sasa tutafanya nini nayo, mama?” mume wangu aliuliza.

“Itarudia mu udongo. Hapana kulala na watu. Nitafute kwanza pemba, tumuombe ruhusa mwenyewe.”

Pemba ni ule udongo mweupe wa kuwapakia wafu na wazazi wapya. Kwetu hapakuwa nao. Ilibidi utumwe mtu mtoni. Chungu kikawekwa juu ya dari ya jikoni kungoja, na kabla pemba haijafika, binti yetu akashikwa na homa.

Alikuwa mtoto wetu wa pekee. Alikuwa amejua kukaa, akiinua mikono kila akimwona baba yake anarudi na matope, maana alipenda kuyabandua yakikauka. Homa ilimkamata jioni. Mzungu alirudi safarini katika siku zile zile. Mume wangu, aliyetakiwa kumpa habari za kazi, alikwenda mbio, akamwambia kwamba kichuguu kina kaburi na vyungu, akamwonyesha, akarudi mbio kwa mtoto. Mzungu alikuwa na furaha ya kupata, sisi tulikuwa na hofu ya kupoteza, na hakuna aliyekumbuka chungu kilichokuwa darini. Nilimkanda kwa maji, nikamnyonyesha akakataa, nikamnyonyesha tena. Alikufa kabla ya saa sita mchana, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wangu wa kushoto.

Mtoto mchanga kwetu haendi makaburini. Huzikwa nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, ili maji ya mvua ya paa la mama yake yamwangukie na asione upweke. Sheria ya wazungu ilikataza. Ilitaka kila maiti aende kwenye makaburi ya wafanyakazi karibu na reli, na wengi wetu tulizika kimya kimya na kufagia juu yake. Sisi pia tulifanya hivyo. Mume wangu alichimba mwenyewe, na hakuonja udongo ule.

Mama mkwe akakishusha chungu darini. Alilia akisema, na alisema akilia: “Mwenye kichuguu anaomba kitu yake. Mutoto wetu njo atamupelekea. Batakutana kule, bote batoto.”

Ningeweza kubisha. Nilisoma katekisimu, na baba yangu angebisha. Lakini maziwa yalikuwa yananitoka na kulowesha nguo, hayana wa kuyanywa, nami nikakichukua kile chungu nikakamulia humo. Tukatia unga kidogo wa mahindi, mama mkwe akaupaka mdomo wa chungu pemba iliyokuwa imefika siku ile ile, na tukakiweka karibu na mkono wa binti yangu. Niliona ni haki. Kilichotoka kwa mtoto kimerudi kwa mtoto. Hata leo sioni kosa lake.

Mzungu wa shamba alivitoa vyungu vilivyobaki akavipanga barazani kwake, na kila mgeni aliyekuja kunywa bia alivishika. Habari zikafika mbali. Baada ya miezi kadhaa akaja mzungu mwingine, mtu wa vitabu, aliyezunguka nchi akiuliza habari za makaburi ya kale. Wafanyakazi walimwita Bwana Mifupa. Nitasema kweli juu yake: hakuwa mkali, hakumtukana mtu, na alipiga magoti kwenye udongo ambapo wazungu wengine wangetuma boi. Alikuwa na burashi ndogo kama ya kusafishia viatu, na alipangusa sakafu ya lile kaburi polepole, kwa upendo. Ndipo akauona mduara. Udongo ulikuwa umehifadhi alama ya tako la chungu, bakuli dogo tupu, na hakuna chungu cha barazani kilichoingia humo.

“Kimoja hakipo,” alimwambia mwenye shamba.

Mwenye shamba akaita polisi. Polisi akawauliza wafyatuaji matofali kwa njia ya polisi, na mmoja wao, aliyekwisha pigwa mara mbili, akasema fundi aliondoka siku ile na kitu ndani ya kofia. Simlaumu. Mgongo ulikuwa wake.

Mume wangu hakukana. Mbele ya watu wote alisema, “Ninairudisha.”

“Ku nani?”

“Ku mwenyewe.”

“Mwenyewe njo nani?”

Wakacheka, kisha wakampiga kofi, kisha wakampakia kwenye gari. Mwenye shamba alikuwa na hakika kwamba tumekiuza kwa mfanyabiashara fulani wa kwenye treni. Mtu ambaye kila kitu kwake kina bei hawezi kudhani vingine.

Siku ya kwanza waliponiruhusu kumpelekea bukari, ugali wetu, aliusogelea uzio akaongea kwa haraka, maana askari alikuwa anakuja. “Sikiliza, mama. Usiseme kitu. Mutoto analala. Bamuache alale.”

“Banakupiga?”

“Wee usiseme kitu.”

Nilielewa vizuri alichokuwa ananunua kwa mgongo wake. Angesema chungu kilipo, wangekuja nacho kile chombo chao cha haki, koleo. Wangekuja polisi, mwenye shamba na mgeni wake, na huyo mgeni, Bwana Mifupa mpole, angepiga magoti nyuma ya nyumba yangu na kumpangusa binti yangu kwa burashi. Nilimwona akifanya hivyo kila nilipofumba macho. Angempangusa kwa upendo, na hilo ndilo lililonitia kichaa.

Nilianza kutembea. Sikujua cha kufanya ila kwenda kwa wakubwa mmoja mmoja, kama kuku anayezunguka nyumba iliyofungwa.

Nilikwenda kwanza kwa mwenye shamba. Alikuwa barazani kati ya vyungu vyake. Nikapiga goti, nikamwambia mume wangu si mwizi, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kaburi. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: “Shamba iko yangu. Juu yangu, chini yangu. Kila kitu ndani yangu.” Nikamuuliza kama na mifupa ni yake. Akasema ndiyo, na mifupa. Nikamuuliza kama analijua jina la mwenye mifupa. Akaniambia nitoke.

Nikaenda ofisi ya teritwari, kwa administrateur, mkuu wa wilaya. Karani alikuwa mwanafunzi wa zamani wa baba yangu, akanipa kiti, akanieleza kwa sauti ya chini. Mwenye shamba anajidanganya, alisema. Kwa sheria, vitu vya kale ni mali ya serikali, na Bwana Mifupa ana ruhusa ya serikali. Kwa hiyo mume wangu ameiba mara mbili, kwa bwana wake na kwa serikali. “Lakini bwana administrateur hapana mubaya,” aliongeza. “Lete nyungu. Ukileta leo, mume yako analala kwenu leo. Ukikosa, batamupeleka Elisabethville, na kule minyi siwezi kitu.”

Nikaenda mpaka kwa chefu wa kijiji, yule ambaye babu zake walikuwa wenye udongo kabla ya kupimwa. Nilidhani huyu ataelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema kwa desturi kitu kinachotoka ardhini ni cha mwenye udongo, na mwenye udongo ni yeye. Ingekuwa vema chungu kipitie mikononi mwake kwanza, kisha atakwenda kumsemea mume wangu. Hasira ikanipanda mpaka nikasahau kwamba nimekaa mbele ya mkubwa.

“Chefu, siku kaburi ilifunguka, ulikuya kulia? Uliuliza mutoto ile iko ya nani?”

“Bibi, chunga kinywa yako.”

“Bote munataka nyungu. Hakuna moya anauliza juu ya mutoto.”

Alinifukuza, na safari hii nilistahili. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini afadhali nyasi huwaona tembo wenyewe wakipigana. Hawa hata hawakuwa wamekutana. Kila mmoja alikuwa nyumbani kwake amekaa, na mume wangu ndiye aliyekanyagwa.

Baba yangu, nilipomlilia, alisema, “Mficha uchi hazai, mwanangu. Waambie.” Alikuwa anapenda methali. Sikuweza kumweleza kwamba nilikwisha kuzaa, na kwamba huyo niliyemzaa ndiye ninayemficha.

Mara iliyofuata nilipofika buloko, mume wangu hakuweza kusimama wima. Alikuwa akipigwa kiboko asubuhi mbele ya bendera, na saruji ya usiku ilimalizia kazi. Alikohoa, akafunika mdomo kwa mkono, kisha akaufuta mkono ule nyuma ya suruali haraka, lakini niliona. Ilikuwa damu. Nilimwambia nitasema. Akashika waya wa uzio kwa vidole vyote.

“Ukisema, minyi siko bwana yako tena.”

“Utakufwa humu.”

“Basi nikufe. Yeye njo alikufwa, analala. Hapana kumuamusha.”

Nilirudi kwa miguu nikiongea peke yangu barabarani. Na nilipofika nyumbani nikamkuta nyapara wa shamba mlangoni. Mwenye shamba alikuwa amepata fundi mwingine wa matofali, mwenye watoto wengi, na nyumba ilitakiwa mwisho wa juma. Fundi mwenyewe alikuwa amekuja naye kuitazama. Alikuwa mtu mzuri, aliona haya kunitazama usoni. Alizunguka nyuma, akapima kwa hatua chini ya ukingo wa paa, na nikamsikia akimwambia nyapara kwamba hapo patafaa jiko la mke wake. Atachimba msingi kidogo tu.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Maji yalikuwa yamefika shingoni, na sasa yalikuwa yanaingia kinywani. Nikinyamaza, mume wangu anakufa, na fundi anachimba, na binti yangu anatoka na jembe mikononi mwa mgeni. Nikisema, wanakuja na burashi. Mume wangu alikuwa anajitoa roho kulinda mahali ambapo hapakuwa petu hata kwa upana wa mtoto mchanga. Nilipiga kelele. Majirani walitoka, wakadhani nimeletewa habari ya kifo.

Mama mkwe alinisubiri ninyamaze. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa kulisema mwenyewe, kwamba tukitoe chungu.

“Tutoshe nyungu siye benyewe.”

“Mama, yeye anakataa.”

“Yeye iko mwana yangu, minyi njo nilimuzaa. Siwezi kuzika wawili.” Kisha akanishika kidevu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Lakini sikia vizuri. Mufu hafunguliwe mara mbili. Kaburi ikifunguka, mwenyewe harudi mu shimo ile. Ukitosha nyungu, utatosha na mutoto.”

Tulifanya kesho yake asubuhi, wanaume wakiwa kazini na moshi wa tanuri umelala chini juu ya shamba. Tulichimba kwa jembe dogo la bustani, kisha kwa mikono. Mama mkwe alikuwa akimwambia mtoto kila tunachofanya, kwa Kiluba, kama unavyomwambia mtoto unapomwogesha: sasa tunakuinua, sasa usiogope, ni bibi yako huyu. Kitambaa kilikuwa bado kinashikika. Niliyoyaona ndani yake ni yangu, sitayaandika. Nitaandika tu kwamba alikuwa mwepesi sana, na kwamba chungu kilikuwa karibu na mkono, kama tulivyokiacha.

Nilitandika kikwembe changu cha arusi, nikamweka ndani, nikamfunga vizuri. Nikasimama na kile kifurushi mikononi, sijui kukibeba vipi. Kapuni, kama mihogo? Kichwani, kama kuni? Mwishowe nilimfanya kama nilivyozoea kumfanya. Nikainama, nikamlaza mgongoni, nikavuta kitambaa mbele na kukifunga juu ya maziwa. Chungu nikakishika mkononi. Mama mkwe alibaki kulifukia shimo, kulifagia na kufunga mizigo yetu.

Barabarani nilikutana na mwanamke wa shamba la pili, tuliyejuana kwa sura tu kisimani. Alikuwa na beseni kichwani.

“Jambo, mama. Mutoto hajambo?”

“Hajambo. Analala.”

“Oh, pole,” alisema, akapunguza sauti asimwamshe, akapita kwa vidole vya miguu.

Nilikwenda mpaka Kamina nikilia bila kujipangusa.

Kwenye ofisi ya teritwari waliniingiza mara moja, kwa sababu ya kilichokuwa mkononi. Bwana Mifupa aliitwa kutoka nyumba ya wageni, akaja karibu mbio. Mwenye shamba alikuwapo pia. Walikiweka chungu mezani, wakaanza kubishana kwa Kifaransa. Kifaransa changu cha shule kilitosha kunijulisha kwamba mmoja anasema mali yangu na mwingine anasema mali ya sayansi, na administrateur anasema kwanza kiandikwe. Mimi nilisimama. Hakuna aliyenipa kiti, na nilishukuru, maana sikujua ningekaaje bila kumwegemea.

Kisha Bwana Mifupa akatoa kijiko kidogo, akachota udongo uliokuwa ndani ya chungu, akauweka juu ya karatasi nyeupe. Chini kabisa palikuwa na ganda jeupe lililokauka. Uso wake ukaangaza. Akawaita wenzake, hata wakaacha kubishana. Karani, ambaye alipenda elimu, akaninong'oneza kwa mshangao: “Anasema iko chakula. Bantu ba zamani balimuwekea mutoto chakula yake.”

Nilitazama maziwa yangu juu ya karatasi ile. Bwana Mifupa aliyakunja humo kwa vidole viwili, taratibu, akatia mfukoni mwa shati.

Kupitia kwa karani aliniuliza chungu kilikuwa kimefichwa wapi. Nikasema, “Mu udongo.” Akaridhika, maana alama za udongo zilikuwa juu ya chungu. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa na furaha na alikuwa mtu mwenye adabu, akainamisha kichwa kutazama mgongoni kwangu, akatabasamu, akasema neno. Karani akatafsiri.

“Bwana anasema mutoto yako iko kimya sana. Unamulea muzuri.”

Sijui nilipata wapi mdomo. Nilisema, “Merci, bwana.” Nikaushika ukingo wa meza yao.

Wakamleta mume wangu. Alikuwa amevikwa suruali yake ya siku ya kukamatwa, ikashikwa kiunoni kwa kamba. Alikiona chungu mezani, akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu aliye hai. Nilijua anataka kunipiga, na kwamba hana nguvu. Kisha akaona fundo la kikwembe kifuani pangu. Akafuata kitambaa kwa macho, begani, mpaka mgongoni. Hatukuwa na mtoto mwingine. Wakamwachia, tukatoka nje ya lango na kupita kona ya stesheni.

Hapo akasimama. Nikangoja aseme kwamba si mume wangu tena.

“Lete,” alisema. “Nimubebe.”

Nikamwambia kifua chake hakiwezi. Aliinama tu mbele yangu katikati ya njia, mikono magotini, kama mwanamke. Nikafungua fundo, nikamlaza mgongoni mwa baba yake, juu ya makovu mabichi, nikafunga tena mbele. Kwetu mwanamume habebi mtoto mgongoni. Watu waliotoka sokoni walimwonyesha kidole na kucheka, watoto wakatufuata wakiimba, fundi wa matofali amekuwa mama. Aliwaacha wacheke. Alitembea polepole, mkono mmoja nyuma ukimshikilia, na kila alipokohoa alisimama kwanza, akasubiri kikohozi kiishe, ili asimtikise.

Tulikomlaza sitakuandika hapa. Baba yake yuko kando yake. Kifua hakikumwachia miaka mingi baada ya pale. Nimeishi mahali pengi tangu wakati huo na kila nilikopita niliuliza ardhi ile ni ya nani, na kila mara palikuwa na mtu wa kunijibu.